Deni Nyuma ya Kadi

Robota likikatwa kamba pale Memorial, alfajiri,
linashusha pumzi kama mtu aliyebanwa melini miezi mitatu.
Harufu ya dawa, harufu ya makabati ya watu nisiowajua.
Wenzangu hurukia nembo na zipu.
Mimi naanza na mifuko.

Nimeokota humo tiketi, leso, risiti ya maziwa,
ufunguo wa mlango ulio ng'ambo huko,
na mara moja, jino la mtoto limefungwa kwenye karatasi.
Koti nauza. Cha mfukoni nakitia kwenye kopo la Blue Band.

Ndivyo nilivyompata yule mrefu:
kadi nene, rangi zimefifia kama kanga ya jikoni,
mwanamume, soksi zimempanda hadi magotini,
rungu begani, anamkodolea macho mtu asiyeonekana.
Nyuma yake namba tupu, safu kwa safu,
kama daftari la ushirika mwaka ule kahawa ilipotutupa.
"Mlinzi wa benki," alisema Ndeonansia wa meza ya pili,
"mwizi amekwishaondoka, yeye bado kasimama."
Tukacheka mpaka mteja akatukimbia.

Zikaja nyingine, kwenye majaketi ya baridi hasa.
Zikafika kumi na moja. Timu kamili kwa mpira wetu,
kwa wao sijui.

Siku Kundaeli alipokuja sikuwa na karatasi.
Kesho anapanda, mzigo wake wa kwanza mgongoni.
"Mama Aikande, baridi ya Kibo haikopeshi,
nikopeshe wewe."
Nikamgeuza yule mrefu, nikaandika kwa bolpeni:
*Kundaeli. Jaketi bluu. 18,000. Katoa 4,000.*

Miaka sita baadaye kaja mgeni, kashuka mlimani,
midomo imembabuka, anatafuta begi la bei rahisi.
Akaliona kopo. Akakaa juu ya robota bila kuambiwa.
Elinami, kiongozi wake, akawa mkalimani:
hizi kumi ni za mboga tu, lakini huyu mrefu,
huyu alichapwa babu yake mgeni hajazaliwa,
zimebaki za kuhesabu dunia nzima,
ikiwa safi inanunua kiwanja Pasua na ukuta wake.

Mgeni akaigeuza.
Akavuta hewa kwenye meno, kama aliyejigonga nyundo kidoleni.
"Nani kaandika?"
Mimi.
"Anasema kwao wapo mafundi wa kufuta wino. Atakupa nusu.
Mama, nusu ya kiwanja!"

Nusu ya kiwanja.
Nami napanga chumba Njoro, bati linavuja juu ya kitanda.

Kundaeli alipanda mara tatu, akashuka mara tatu,
kisha akafuata habari za mawe, Mererani.
Hajapiga simu tangu mvua za mwaka juzi.
Lakini Jumamosi, mama yake hushuka kutoka Kibosho
na kichane cha mchare na noti iliyokunjwa mara nne:
"Nipunguzie deni la mwanangu."
Nageuza kadi. Naandika. Ananitazama mkono
kama mtu anayesomewa barua.
Nakiri: akileta elfu naandika mia tano,
nyingine namrudishia kwa sabuni na chumvi
ili lisiishe upesi.

Dawa ya deni ni kulipa, wanasema.
Nani kawaambia huu ni ugonjwa?

Nikamuuzia mgeni wale kumi. Nimenunua bati mbili.
Elinami hanisalimii siku hizi, akipita hutikisa kichwa.
Hana kosa. Usiku mvua ikipiga nami hukitikisa changu.

Zimebaki elfu tatu na mia tano.
Nyuma kumejaa, hakuna pa kuweka hata nukta.
Jumamosi ijayo nitahamia mbele,
nitaanzia kwenye soksi.